Suruali Niliyokushonea

Nyumbani kwa Bi Hepsibah Loomis,
Kaunti ya Cayuga, New York.
Jumamosi, 11 Machi 1854

Kwa mdogo wangu mpenzi Philena,

Nakusalimu kwa mapenzi yote ya dada, wewe na Mama, ambaye najua utamsomea barua hii akiwa kando ya jiko na miguu juu ya kigoda. Msomee mpaka hapo nitakapokuambia uache. Magoti yake yanaendeleaje? Na miti ya sukari imeanza kutoa utomvu? Huku mchana theluji inayeyuka na usiku barafu inarudi, kwa hiyo nadhani nanyi mko mbioni na ndoo, mkiuchemsha uwe sukari, na nyumba nzima inanuka moshi na sukari. Mimi ni mzima, ila kifua kinanisumbua kidogo na sauti imekwaruzika kwa kuhutubia. Mwambie Mama nakunywa asali na siki kama alivyoniagiza, na kwamba soksi alizonifumia bado hazijatoboka.

Najua umeninunia, na ni haki yako. Barua yako ya mwezi uliopita niliipata na nikaisoma nimesimama mlangoni. Uliniambia kamati ya shule imekupa hadi Jumanne hii: ama ushushe gauni lako lifike chini kama la wanawake wengine, uachane na suruali, ama ukabidhi ufunguo wa shule. Na uliniambia umewajibu kwa mdomo wako mwenyewe, wewe ambaye utotoni ulikuwa ukijificha nyuma ya pipa la unga mgeni akiingia, kwamba hushushi kitu, na kwamba dada yako Roxana atakuja kusimama kando yako amevaa kama wewe. Sikukujibu. Nilijisemea kwamba nina kazi nyingi. Kazi ninazo, hilo si uongo, lakini kuandika neno “nitakuja” ni jambo dogo kuliko kufunga kamba za viatu.

Basi niwape kwanza habari za safari, maana Mama alitaka kujua huyu ninayefuatana naye ni mtu wa namna gani. Bi Keziah Tolliver ni mwanamke mrefu, mweusi, wa makamo, aliyezaliwa mtumwa Maryland na akatoka huko kwa miguu yake mwenyewe. Jumuiya yetu ya Wanawake Wapinga Utumwa ilinipa kazi ya kusafiri naye mji kwa mji: mimi nafungua mkutano, yeye anahutubia, kisha mimi nawaomba watu wajiunge nasi. Mama angempenda. Anapenda chai, na akikuta mwenyeji ametenga sukari ya miwa, ile ya jasho la watumwa, anasukuma kibakuli taratibu hadi upande wa pili wa meza, anauliza kama nyumba hii haina miti. Wenyeji wetu wengine wanaona aibu hadi masikio yanawaiva. Ana utani mkali, na nimejifunza kunyamaza asubuhi mpaka amalize kikombe cha pili.

Milango ya makanisa tunafungiwa mara nyingi. Kuna mahali tulihutubia katika karakana ya fundi mapipa, wasikilizaji wamekaa juu ya mapipa, na mhubiri wa pale akasimama kutusomea maneno ya Mtume Paulo, kwamba wanawake wanyamaze katika kanisa. Bi Keziah alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu zote. Kisha akamwambia kwamba Mtume alikuwa akiwaandikia watu wa Korintho, na yeye hajafika Korintho, yeye katoka Maryland, na hapa si kanisani, ni kwa fundi mapipa. Watu walicheka hadi pipa moja likabingirika na mtu juu yake. Siku nyingine hatuchekewi. Kofia yangu nyeusi imeonja mayai ya kurushiwa zaidi ya sufuria ya Mama.

Hapa, Philena, mwache Mama apumzike. Mwambie barua iliyobaki ni mambo ya mikutano. Yanayofuata ni yako.

Unakumbuka kiangazi kile nilipokuja nyumbani na mkasi. Nilitoka kwenye mkutano wa haki za wanawake kichwa kimejaa, nikakukuta ukipanda ngazi na mshumaa mkono mmoja, kuni mkono mwingine, na upindo wa gauni umeushika kwa meno. Nilikwambia mtumwa ana minyororo ya chuma, na sisi tunajifunga yetu ya kitambaa kila asubuhi na kulipa fundi. Nilikuwa nikilipenda sana neno hilo. Tulitandaza mezani ile sufu ya kahawia ya kondoo wa marehemu Baba, maana pamba hatuvai, tukijua mikono gani imeichuma. Nikakata magauni mawili yanayoishia chini kidogo ya magoti, na suruali mbili pana za kubana vifundoni, zako na zangu. Mama alitutazama akasema tumekuwa kuku wale wenye manyoya miguuni, akaenda zake bustanini akicheka. Wewe hukucheka. Ulisimama mbele ya kioo ukaniuliza, “Dada, na wakinicheka?” Nami nikakujibu, sindano ikiwa bado mdomoni, “Wakikucheka, tutachekwa wawili.”

Sikujua kwamba maneno hayo utayaweka akiba. Mimi huyasema mengi.

Baadaye barua zako zikaanza kuja, na kila moja ilikuwa na habari za miguu yako. Kwamba sasa unapanda ngazi na taa bila kuogopa kuungua. Kwamba umebeba ndoo mbili za utomvu kupita kwenye tope na hukuanguka. Kwamba umekimbia na wanafunzi wako juu ya barafu hadi kwenye daraja na kurudi, na yule mdogo wa akina Purdy akasema hakujua walimu wana magoti. Uliandika kwamba unapoingia darasani unajihisi mtu mzima kwa mara ya kwanza. Nilizisoma barua hizo kwa sauti mbele ya akina mama wa Jumuiya. Wakakupigia makofi, nami nikapokea makofi yako.

Sasa nikwambie nililokuficha tangu majira ya kuchuma tofaa. Sivai tena ile nguo. Sikuiacha siku moja. Kwanza niliiacha siku za mvua, jambo la kichekesho, maana iliumbwa kwa ajili ya mvua. Kisha nikaiacha Jumapili. Tulikuwa tumefika mji mmoja ambako vijana walitufuata toka kituo cha gari la moshi hadi ukumbini wakiimba kuhusu miguu yangu, na ukumbini mtu mmoja akauliza kama naweza kumwazima suruali akalimie. Bi Keziah alihutubia hadi wanawake wakalia, lakini asubuhi yake gazeti lilizungumzia suruali yangu tu. Akina mama wa Jumuiya wakaniita pembeni, wakaniambia kwa upole kwamba watu wanahesabu vifungo vyangu badala ya kusikiliza habari za mtumwa. Nikasema basi, kwa ajili ya mtumwa, nitashusha gauni. Walinisifu kwa kujitoa kwangu. Kilemba cha ukoka kile nilikivaa, nikakaza.

Na ile nguo yangu ya sufu ya Baba niliikata. Soko letu la hisani lilikaribia na tulikuwa na uhaba wa bidhaa, nikakaa na mkasi uleule nikatengeneza vikoti vya watoto na vikofia. Vilinunuliwa vyote. Juzijuzi nilipita mbele ya karakana ya mhunzi nikamwona binti yake akicheza matopeni, amevaa mguu wa kushoto wa suruali yangu. Niliutambua kwa ule mstari wa rangi hafifu, pale ambapo Baba aliwahi kulaumu dawa ya kutilia rangi. Niliinama kama nimeona kitu ardhini, nikapita.

Unaweza kufikiri Bi Keziah alifurahi, kwa kuwa nilifanya kwa ajili yake na watu wake. Siku ya kwanza aliyoniona na gauni refu aliutazama upindo, akaendelea na chai yake. Yeye mwenyewe hajawahi kuvaa suruali wala hataki kusikia. Jioni moja nilimuuliza sababu, nikitarajia hotuba. Akaniambia kule alikotoka, hadi alipokuwa mwanamke mzima mwenye matiti, alipewa shimizi moja la gunia kwa mwaka, lenye kuishia magotini, na hakuna aliyemuuliza kama anaona baridi au haya. Gauni refu la kwanza maishani alilinunua mwenyewe huku kaskazini, na atalivuta matopeni hadi azikwe nalo. Akasema mimi nikitaka kuonyesha miguu yangu niionyeshe, ni yangu, yeye yake imeshaonwa vya kutosha. Kisha akaniuliza ni nani aliyeniambia kwamba nimevua suruali kwa ajili yake, maana yeye hakumbuki kuombwa ushauri. Nilijitia kutafuta uzi.

Nimezunguka sana. Nimekwambia habari za mayai na mapipa kama mtu anayepanga vyombo ili asifike kwenye sufuria iliyoungua. Sasa nimefika.

Alhamisi iliyopita tulihutubia katika mji mmoja kando ya mfereji. Ukumbi ulijaa, na haukuwa wa kelele. Bi Keziah alisimulia habari za mama yake kwa namna ambayo sijawahi kumsikia, na alipokaa chini hapakuwa na mtu aliyekohoa. Mimi nikasimama kuwaomba watu waje mbele wajiunge nasi, na nikawaona wakianza kuinuka. Ndipo mwanamume mmoja aliyekuwa nyuma akaomba neno. Niliijua sauti hiyo kabla sijaona ndevu. Alikuwa ni Shemasi Asahel Teachout, mwenyekiti wa kamati yako ya shule, yule ambaye sala zake ndefu zimeunguza mikate ya nyumba nyingi. Alikuwa amekuja kumtembelea binti yake aliyeolewa huku.

Alianza kwa kusema kwamba yeye si mtu wa maneno mengi. Kisha akasema, “Binti Wadhams, kule kwetu tuna mwalimu, damu yako, anavaa suruali mbele ya watoto wa watu. Tukimwambia, anajibu kafundishwa na dada yake, na huyo dada yake anavaa vivyo hivyo. Leo nakuona hapa umevaa kama mama zetu. Sasa tuambie, mama, nani mwongo?”

Watu waliokuwa wameinuka wakasimama palepale, mmoja mkono tayari kwenye kofia. Nilikuwa na majibu kumi, Philena, na tisa yalikuwa ya kweli. Ningeweza kusema ndiyo, mimi nilimfundisha, na mimi ndiye niliyeacha. Badala yake nilitabasamu. Nikasema mdogo wangu ni msichana mwenye moyo mwema ila ana vijimambo vyake. Nikasema mimi sikumfundisha kuvaa suruali, pengine aliziona kwenye gazeti akazipenda, kama wasichana wapendavyo utepe mpya. Na nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba mchumba akitokea zitashuka zenyewe.

Ukumbi wote ulicheka. Mimi pia nilicheka. Shemasi akanishukuru, akasema ataifikishia kamati kauli yangu, kwamba sasa si suala la nguo tena, ni suala la mwalimu anayesema uongo. Halafu wale watu wakaja mbele wakajiunga, wengi kuliko siku zote za majira haya, nami nikawapa mkono mmoja mmoja.

Tulirudi hapa kwa Bi Loomis. Chumbani nilivunjika, nikamwambia Bi Keziah kwamba nimemuuza mdogo wangu. Alikuwa akifungua utepe wa kofia, akaacha. “Usiseme kuuza,” aliniambia. “Kuuza nakujua mimi. Sisi tuliuzwa na watu ambao hawakutujua majina. Wewe umemkana mtoto wa mama yako. Sema umemkana.” Nikasema nimemkana. Nikaanza kueleza kwamba mkutano ulikuwa mzuri mno, kwamba ningejibu vinginevyo watu wangekaa chini, kwamba nilifikiria watumwa. Akanikata. “Uliacha suruali, ikawa kwa ajili yangu. Umemkana mdogo wako, tena kwa ajili yangu. Mbona yale ya sifa yote huwa yako, ya aibu ndiyo unaniletea mimi?” Kisha akazima taa, akalala.

Mimi sikulala, na gizani ukweli ulikuwa mfupi. Nilichoka kuchekwa. Hiyo tu. Nilipovaa lile gauni refu na kupita njiani bila mtu kugeuza shingo, nilisikia raha kama ya kuvua kiatu kinachobana, na raha hiyo nikaipa jina la mtumwa ili nisiione haya. Wewe ulikuwa ukichekwa kila asubuhi kuanzia kwa muuza nyama hadi mlango wa shule, peke yako, kwa ahadi yangu, na uliendelea. Nilikutosa, Philena, na nilifanya hivyo nikitabasamu. Naona haya kuandika hivi. Naona haya zaidi kwamba kama Shemasi asingekuwa mtu wa kijijini kwetu, labda nisingeandika.

Jana asubuhi nilikwenda kwa binti yake kumtafuta. Nilimkuta kwenye kibaraza, nikamwambia nilisema uongo, kwamba nguo ile nilikukatia na kukushonea mimi, na nilivaa ya kwangu muda mrefu. Hakunikaribisha ndani, wala simlaumu. Alinitazama akasema, “Binti, kauli ya ukumbini haifutwi mlangoni. Ukitaka kamati ikusikie, kamati inakaa Jumanne.” Na hapo, pamoja na ndevu zake zote, alisema haki.

Kwa hiyo nakuja. Kesho na keshokutwa tuna mikutano ambayo siwezi kumwachia Bi Keziah peke yake, lakini Jumanne nitapanda gari la moshi la alfajiri, na saa sita mchana nitakuwa hapo. Shemasi naye anarudi Jumanne, ndiyo maana nakuandikia leo ili barua imtangulie. Sitaki uyasikie haya kwake. Nitasimama mbele ya kamati niseme ni nani mwongo. Nimeshawaandikia akina mama wa Jumuiya pia. Nadhani watamtafutia Bi Keziah mtu mwingine wa kusafiri naye, maana aliyesema uongo jukwaani mara moja ataulizwa kila mji, na hilo nimelikubali. Siwezi kukuahidi kwamba utabaki na shule. Pengine nimekwisha kuivunja, na maji yakimwagika hayazoleki. Na ikiwa umeshachoka ukashusha upindo, sitakuuliza, na ikiwa hutaki kuniona, niachie ninachoomba kwenye kichaka cha waridi cha Mama, nitakichukua bila kubisha hodi.

Ninachoomba ni ile suruali yako ya zamani niliyokushonea, kabla hujajishonea mpya, yenye alama ya kuungua gotini, na lile gauni lake. Yangu unajua imeishia wapi. Ndiyo, najua haitanitosha. Wewe ni mwembamba kama mpini na mimi nimenenepa kwa mikate ya wenyeji wetu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hii sidhani kama itajaribu. Haitafunga kiunoni, itakatika mshono nikikaa, na suruali itaniishia katikati ya mashavu ya miguu. Usiipanue. Nataka nipite nayo kijijini toka nyumbani kwa Mama, mbele ya duka, mbele ya muuza nyama, hadi mlango wa kamati.

Bi Keziah anasema naye anakuja. Hakusema amenisamehe, na hilo si lake, ni lako. Anasema anataka kumwona huyo mwalimu aliyemjibu Shemasi, na kwamba atakaa mstari wa mbele na gauni lake la hariri, refu hadi sakafuni, ili kamati ijue kwamba mwanamke huvaa atakalo. Mwambie Mama atenge sukari ya miti.

Mbusu Mama kwa ajili yangu. Wasalimie akina Purdy, hasa yule mdogo mwenye habari za magoti. Mungu awalinde na barafu na tope mpaka tuonane.

Nilikuambia tutachekwa wawili. Umechekwa peke yako muda mrefu. Jumanne, mdogo wangu, wewe tembea nyuma yangu kidogo, wasikuone wewe kwanza.

Ni mimi dada yako, ukipenda bado kuniita hivyo,

Roxana